Kidole Hakina Betri

"Nunua, pachika, kalale." Maneno matatu tu, na ndiyo mafunzo yote aliyopewa kijana mmoja wa Tanga aliyekuja kuvua karpi kwa mara ya kwanza kwenye ziwa dogo la kulipia huko Kent, Uingereza. Aliyempa ni mtu mzima, mzoefu, mwenye kitanda cha kukunja na hema lililotandikwa zulia. Mimi nilikuwa jirani yao, nachemsha chai, nikanyamaza kwa adabu. Leo adabu imeniisha.

Kwa msomaji asiyemjua, karpi ni samaki wa maji baridi, jamaa wa mbali wa ningu wetu wa Ziwa Victoria, ila huyu hunenepa hadi kupita kilo 20. Kule havuliwi kwa ajili ya chungu. Hupimwa, hupigwa picha, hurudishwa majini. Mvuvi hupiga kambi ukingoni siku mbili tatu, fimbo zake zimelazwa juu ya vijiti, chambo kimelala chini ya maji pengine mita 80 mbele. Kwenye kila fimbo uzi hupita juu ya kijigurudumu kilichomo ndani ya kidude cha plastiki. Uzi ukisogea, kijigurudumu huzunguka, sumaku zake huamsha swichi, taa inawaka na kidude kinalia. Hiyo ndiyo alamu, ile aliyoambiwa kijana ainunue na kuipachika. Ile isiyo na waya huongeza jambo moja: hutuma ishara ya redio, aghalabu kwa mawimbi ya megahezi 433 hivi kwa Ulaya, hadi kwenye risiva ndogo iliyo kando ya mto unaolalia. Taa nyekundu, kwa mfano, ni fimbo ya kwanza, kijani ya pili, buluu ya tatu. Bei ya seti huanzia makumi ya pauni hadi mamia.

Rai yenyewe, bila kuikejeli

Wanaoitetea alamu hii isiyo na waya si wajinga, na hoja yao ikipewa haki yake husikika hivi. Usiku wa Oktoba kule Uingereza una zaidi ya saa 12 za giza, na baridi yake huingia hadi kwenye mifupa. Hakuna binadamu anayeweza kuikodolea macho ncha ya fimbo kwa saa 48. Macho huchoka, alamu haichoki. Husikia uzi ukisogea milimita chache, na kila fimbo huipa mlio wake. Isiyo na waya hukupa na uhuru juu yake: pika, nenda msalani, mtembelee jirani, habari itakufuata huko huko. Na kwa kuwa unasikia mapema, unafika mapema, basi hata samaki hateseki. Asiyeikubali ni mzee wa "enzi zetu".

Ndicho kiini cha rai hiyo. Imesukwa vizuri, haina tundu, mpaka uanze kuivuta uzi mmoja mmoja.

1. Eti huleta samaki zaidi

Alamu ya umeme ya wavuvi wa karpi ina baba anayejulikana. Ni Richard Walker, mhandisi Mwingereza, anayetajwa kuwa aliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1950. Septemba 1952, kwenye kidimbwi cha Redmire katika jimbo la Herefordshire, Walker alimtoa karpi wa ratili 44, karibu kilo 20. Samaki yule alipelekwa kwenye bustani ya wanyama ya London, akakaa akitazamwa na watu hadi 1971. Nusu hii ya hadithi hupendwa sana madukani: aliyebuni alamu ndiye aliyeshika rekodi.

Nusu ya pili haitajwi. Mwaka 1980, kwenye kidimbwi kile kile, Chris Yates alimtoa karpi wa ratili 51 na nusu. Fimbo yake ilikuwa ya mwanzi uliopasuliwa na kugandishwa kwa gundi, na chambo chake kilikuwa punje za mahindi matamu. Yates huyo baadaye alipata umaarufu kama mvuvi anayevikimbia vidude vya umeme kama paka anavyokimbia maji. Sidai kwamba mahindi yaliishinda elektroniki. Nasema tu kwamba samaki hakuuliza kuna nini ukingoni.

Karpi hunaswa na chambo kilichowekwa mahali anapopita, wakati ana njaa, bila kutishwa. Mahali pale hujulikana kwa kutazama: mapovu yanayopanda kwenye tope, tete linalotikisika siku isiyo na upepo, mgongo unaochomoza na kuzama alfajiri. Alamu haioni hata kimoja katika hivyo. Mbaya zaidi, humpa mwenye macho sababu ya kutokuona pia. Mtu huyo hufika ziwani, hutupa ndoana mahali penye nafasi ya kupiga hema, kisha hugeukia risiva na kuingoja imwambie kama amekosea. Haitamwambia, maana kwa risiva ziwa lisilo na samaki na ziwa lenye samaki wasiokula hunyamaza sawasawa.

2. Eti hukuambia samaki anapokula

Hapa ndipo rai inapojikata mguu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtindo uliotawala uvuvi wa karpi ni ule wa chambo kutochomwa kwenye ndoana. Huning'inizwa kando ya ndoana kwa uzi mfupi mwembamba, na karibu yake hukazwa chubwi zito, gramu 80 au zaidi. Samaki anafyonza chambo, ndoana tupu inaingia pamoja nacho, anashtuka na kugeuka, na uzito wa chubwi unaizamisha ndoana mdomoni. Amejinasa mwenyewe. Mvuvi hakufanya kitu.

Sasa jiulize alamu inalia lini. Inalia baada ya yote hayo, samaki akiwa tayari anakimbia na chubwi lako. Hiyo ni taarifa ya msiba, na anayeisikia hufika matangani, hakuwahi kumwona mgonjwa. Na yule anayefyonza chambo, akaona kuna kitu hakiko sawa, akakitema? Picha zilizopigwa chini ya maji zimelionyesha jambo hilo mara nyingi: karpi anaingiza na kutema, anaingiza na kutema, na juu ukingoni kimya kama msikitini usiku. Uzi haukusogea vya kutosha kulizungusha gurudumu.

Upande wa pili, upepo ukiutikisa uzi, alamu inalia. Jani likikwama, inalia. Ndege wa majini akipiga mbizi, au samaki asiye na haja na chambo akiusugua uzi kwa mgongo, inalia. Kwa hiyo tunacho chombo kinachonyamaza jambo lenyewe linapotokea na kupiga kelele lisipotokea. Mlinzi wa namna hiyo getini kwako ungemfukuza kabla ya mwisho wa mwezi. Kwenye uvuvi tunamnunulia betri.

3. Eti kuipanga ni kazi ya dakika tano

Kuziunganisha redio, kweli, ni dakika tano. Unaiweka risiva katika hali ya kujifunza, unauvuta uzi kidogo juu ya gurudumu la kwanza, taa inamulika, imekubali. Unarudia kwa ya pili na ya tatu. Watu huishia hapo wakidhani wamepanga alamu, kumbe wamezijulisha redio majina.

Kinachopaswa kupangwa ni uzi, na uzi haumo ndani ya boksi. Fimbo ielekee pale chubwi lilipo, uzi ukitoka kwenye rili uende moja kwa moja hadi pete ya kwanza bila kupinda pembeni. Ukiulaza pembeni ya gurudumu, au ukiuachia upite juu ya kichaka cha magugu kule katikati ya ziwa, samaki ataweza kusogea hatua nzima na gurudumu lako halijui. Kati ya rili na alamu huning'inizwa kijiuzito kidogo. Kisipokuwepo, samaki akija upande wako uzi unalegea tu, na mnyororo mzima wa elektroniki haupati habari. Kikiwa chepesi mno, upepo unakichezea. Kikiwa kizito mno, kinauvuta uzi na kumshtua samaki. Rili nayo lazima iachie uzi kwa kipimo: ikibana, fimbo inavutwa majini, na hilo si la kuhadithiwa, ikilegea sana, uzi unatoka na kujisokota kama tambi.

Kisha unakuja ule unyeti uliokufanya utoe pesa. Seti ya bei mbaya husifiwa kwa kulia uzi ukisogea milimita chache. Usiku wa kwanza wenye upepo inalia mara arobaini. Mara ya arobaini na moja mwenye nayo anatoka na taa ya kichwani, anasonya, na kufanya nini? Anaushusha unyeti hadi chini, ilie tu uzi ukisogea sentimita kadhaa. Amelipa ziada apate sikio kali, akaliziba kwa pamba usiku huo huo. Na yule aliyeupanga uzi wake sawasawa hahitaji sikio kali, kwa kuwa uzi ulionyooka hueleza mengi hata kwa alamu ya bei chee. Hoja hii dukani haisemwi, kwa sababu kuupanga uzi hakuuzwi.

4. Eti hukupa uhuru wa kwenda utakako

Boksi husifu umbali: mita 100, mita 150, wakati mwingine zaidi. Umbali huo ni wa uwanja ulio wazi, hakuna mti uliolowa, hakuna tuta, hakuna mwili wa mtu mnene aliyeilalia risiva. Lakini tukubali kwamba kila mita iliyoandikwa ni ya kweli. Ya nini?

Sheria ya Uingereza haina fumbo: ni kosa kuiacha fimbo ambayo ndoana yake imo majini bila mtu wa kuitunza, au kukaa mahali ambapo huwezi kuimudu vya kutosha. Haisemi "isipokuwa kama una risiva". Hapo ndipo mtetezi wa alamu isiyo na waya anapobanwa kati ya ukuta na ukuta. Ukiwa mbali kiasi cha kuihitaji redio, uko mahali usipopaswa kuwa. Ukiwa karibu kama unavyopaswa, hatua mbili tatu kutoka kwenye fimbo, masikio yako yanaisikia alamu yenyewe bila redio. Huo umbali ambao redio inahitajika na pia inaruhusiwa naomba nionyeshwe. Nimeutafuta, sijauona.

Namwondoa mtu mmoja katika lawama hii: mvuvi asiyesikia vizuri, ambaye risiva ya kutetema humfaa kweli. Wengine wote tufanye hesabu. Tuseme uko kibandani, mita 100 kutoka kwenye fimbo, unanunua mkate wa soseji. Risiva inaimba. Unaacha mkate, unatembea haraka, mita moja na nusu kwa sekunde, gizani, na viatu vya mpira. Utafika baada ya sekunde 67 hivi. Samaki anayekwenda mita moja tu kwa sekunde atakuwa ameondoka na mita 67 za uzi, na popote palipo na mizizi ya miti, mayungiyungi au nguzo ya daraja, yeye ameshafika.

Alamu za zamani, zile za chapa ya Heron na baadaye Optonic, zilikuwa na waya uliokwenda hadi kwenye kijisanduku cha sauti kando ya kitanda. Watu waliuchukia: ulikunjamana, uliwakwaza, uliingia maji. Lakini uliwalazimisha walale pale ulipoishia. Waya ulipokatwa tukashangilia kwamba alamu imefunguliwa, tusione kwamba kamba ile ilikuwa imetufunga sisi, tena mahali pazuri.

5. Eti ni salama kwa samaki, na haimsumbui mtu

Mawili haya huwa yanakwenda pamoja, nami nitayajibu pamoja kwa sababu yaliniumiza pamoja, usiku mmoja.

Alamu zangu zilikuwa na mlio wa kuamsha mtaa. Jirani wa ng'ambo, mtu mpole, alikuja jioni akaniambia, "Rafiki, jana sikulala." Alikuwa na haki. Nikazizima sauti kwenye fimbo, nikaiacha risiva peke yake, chini ya mto, kama kijitabu kilivyoelekeza. Ndio ustaarabu: fimbo kimya, jirani analala, mimi peke yangu ndiye mwenye habari. Nikajiona nimeelimika.

Niliamshwa na baridi saa kumi na moja alfajiri. Risiva ilikuwa imezimika, betri imekwisha. Zile tatu za kwenye fimbo nilizibadilisha kabla ya safari. Ya nne, ambayo habari zote zilipitia kwake, niliisahau. Nje, taa buluu ya fimbo ya tatu ilikuwa bado inawaka, inamulikia nyasi. Rili ilikuwa nusu tupu. Uzi ulikwenda kushoto, ukazunguka kisiwa, ukaingia kwenye mizizi ya mti. Nikauvuta taratibu, nikahisi uzito ulio hai upande wa pili, mzito, wa polepole, umechoka. Nikavuta tena. Ukakatika.

Samaki yule aliondoka na ndoana yangu mdomoni na mita kadhaa za uzi nyuma yake, katika ziwa lenye mizizi. Salama ipi? Alamu ilifanya kazi yake barabara, ikalia kwa lugha ya redio mpaka ikachoka, ila aliyepaswa kuisikia alikuwa amekabidhi masikio yake kwa betri moja. Na ustaarabu upi? Sauti ndogo kwenye fimbo, mimi nikiwa hatua mbili nyuma yake, ingemwacha jirani alale na ingeniamsha. Nilichagua umbali, nikauita adabu.

Na tusidanganyane kuhusu "unafika mapema". Mtu anayelala fofofo ndani ya hema lililofungwa zipu, miguu ndani ya mfuko wa kulalia, akiamshwa anatafuta taa, anatafuta viatu, anaivuta zipu inayokwama. Kusikia mapema si kufika mapema. Samaki hulipa gharama ya zipu.

6. Eti hata wazee walikuwa na alamu zao

Hii ndiyo hoja wanayoniwekea mwisho, wakijua nimekulia pwani. "Kaka, hao wazee wako wa Pangani si walikuwa wanaufunga mshipi kwenye kidole gumba cha mguu, wanalala chomboni? Hiyo nayo si alamu?"

Ni alamu, tena naishukuru hoja hii kuliko zote. Nimemwona mzee ndani ya ngalawa, usiku wa giza, mshipi umemzunguka kidole, kofia imemfunika uso. Changu alipodona, kidole kilicheza kabla ya mzee kufumbua macho. Akanena, bila kuinuka, "Huyu mdogo, mwache." Muda baadaye kidole kikavutwa kwa namna nyingine, nzito, na mzee alikuwa ameketi mshipi mkononi kabla sijauliza kitu. Alitofautisha mdono wa changu na mvuto wa chewa, mkondo na mwamba. Alamu ya pauni mia nne haiwezi kuyatofautisha hayo.

Tena kidole kile hakiwezi kwenda kibandani. Hakina umbali wa mita 150. Hakina waya, ni kweli, lakini kina mwenyewe, na mwenyewe yuko pale pale chambo kinapoliwa. Anayekilinganisha na risiva anilinganishie pia mama aliyelala na mtoto kifuani na yule aliyemwachia jirani namba ya simu. Wote wawili wataamshwa mtoto akilia. Mmoja tu yuko naye.

Maneno matatu mengine

Yule kijana wa Tanga alinunua, akapachika, akalala. Asubuhi nilimkuta ameketi mlangoni mwa hema, risiva magotini, anazitazama taa tatu zisizowaka. "Hakuna kitu, kaka," akaniambia. Kando ya fimbo zake, chini ya mti ulioinamia maji, hatua kumi kutoka alipokaa, tope lilikuwa linapanda kwa mawingu madogo na mapovu yalikuwa yanapasuka moja moja. Karpi alikuwa anakula kifungua kinywa chake. Fimbo zote tatu zilikuwa zinavua katikati ya ziwa.

Nikamwonyesha kwa kidole. Akatazama risiva kwanza, kana kwamba anaiomba ruhusa, ndipo akatazama maji.

Basi namwachia maneno matatu badala ya yale aliyopewa, na hayahitaji betri: tazama, shika, kesha. Na akizidiwa na usingizi, jambo lisilo aibu kwa binadamu, auvute uzi, aitoe ndoana majini, ndipo akalale.